Ni Nani Mwenye Ingwe?

Kuna maneno matatu ambayo Mkenya aliyeanza kuota mvi anayajua hata kama hajawahi kukanyaga uwanjani: Kadenge na mpira. Yalitoka redioni, enzi ambazo mtaa mzima ulikusanyika penye redio moja, Joe Kadenge akimpita beki ambaye hakuna aliyemwona lakini kila mmoja alimhurumia. Kadenge alifariki dunia mwezi wa Julai 2019. Timu aliyoichezea, Abaluhya, ambayo sasa twaiita AFC Leopards, ingali hai. Lakini ni uhai wa namna gani? Hilo ndilo nililokuja nalo juma hili.

Nitaanza na hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Kuanzia msimu wa 1979 hadi ule wa 1993, misimu kumi na mitano mfululizo, ubingwa wa ligi ya Kenya haukutoka mikononi mwa klabu mbili. Gor Mahia waliuchukua mara nane, Leopards mara saba. Kumi na tano kwa kumi na tano! Breweries walikuwa na fedha, Mombasa ilikuwa na vijana wenye chenga, Nakuru ilikuwa na historia, kwani Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza kabisa mwaka 1963. Hakuna aliyepenya. Na nje ya mipaka, kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati lilitwaliwa na Leopards mwaka 1979, wakati huo wakiitwa Abaluhya, kisha 1982, 1983 na 1984, mara tatu mfululizo.

Sasa pindua ukurasa. Leopards walichukua ubingwa wa ligi mara ya mwisho mwaka 1998. Hadi msimu wa 2024/25 ulipokwisha hawakuwa wameuona tena. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa kusherehekea amekwisha maliza shule, ametafuta kazi, pengine ameoa, na kila alichojua juu ya ubingwa wa Ingwe amesimuliwa na baba yake. (Ingwe, kwa wenzetu wasiotoka Magharibi, ni chui.) Mtoto huyo angali anakwenda uwanjani. Hilo nalo ni jambo la kustaajabisha, na nitalirudia.

Sababu za anguko hili zimetajwa vibandani na ndani ya matatu mpaka zimechakaa. Wa kwanza atakwambia ni kocha. Wa pili atakwambia ni uchawi, kwamba kuna kitu kilifukiwa nyuma ya goli na aliyekifukia alikufa bila kusema alikifukia wapi. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye sauti kubwa, atakwambia ni ulaji: viongozi wamekula, wanakula, na wataendelea kula. La uchawi nawaachia wenye utaalamu wake. Haya mengine mawili yana chembe ya ukweli, lakini mimi nayaona kuwa ni dalili. Ugonjwa wenyewe ni mkongwe zaidi, na la ajabu ni kwamba ulianza wakati mgonjwa alipokuwa na nguvu kuliko wote.

Turudi mwaka 1964. Uhuru una miezi tu. Nairobi imejaa watu waliotoka Butere, Luanda, Mumias, Kakamega, waliokuja kufanya kazi reli, posta, majumbani mwa Wazungu na katika karakana za Industrial Area. Kila eneo la nyumbani lilikuwa na chama chake mjini na kila chama kilikuwa na timu yake. Wamarama walikuwa na yao, Wasamia yao, Wanyore yao, na Jumapili waliumizana magoti kwa furaha kubwa. Katika mwaka huo timu hizi ndogondogo zikaunganishwa zikawa Abaluhya. Miaka miwili baadaye, 1966, wakawa mabingwa wa nchi, na 1967 wakarudia. Wakachukua tena 1970 na 1973.

Msikilizaji asidhani vyama hivi vilikuwa vya mpira tu. Mtu akishuka garini stesheni ya Nairobi akiwa na kisanduku cha bati na barua ya mjomba, chama ndicho kilichomwonyesha pa kulala. Akifiwa, chama kilichanga. Akifa yeye mwenyewe, chama kilisafirisha maiti mpaka nyumbani. Mpira ulikuwa ni sehemu ya udugu huo, na ndiyo sababu mzee ambaye hakujua tofauti ya kona na faulo alilipa kiingilio chake kila juma bila kuulizwa. Alikuwa halipii burudani. Alikuwa analipa ada ya kuwa mtu wa kwao katika mji usio wa kwao.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye siri ya ubingwa ule. Kijana akionekana kijijini kuwa ana mguu, habari zilifika Nairobi kabla yake. Mwanachama mwenye cheo kidogo mahali fulani, awe msimamizi wa ghala, karani mkuu au mtu wa ofisi ya wafanyakazi, alimtafutia nafasi. Kijana aliajiriwa tarishi, karani au fundi msaidizi. Alasiri, bwana mkubwa akielewa mambo, aliruhusiwa kutoka mapema kwenda mazoezini. Klabu ilimpa nauli, chakula, na bahasha ndogo baada ya ushindi. Mshahara wake, nyumba yake, matibabu yake, vyote vilitoka kwa mwajiri.

Hata wale nyota wakubwa wa miaka ya 1980 walikuwa hivyo kwa namna yao. Joe Masiga, mshambuliaji aliyewapa mabeki wa nchi nzima homa ya tumbo, alikuwa daktari wa meno, na alipopata nafasi alicheza raga pia. Mtu kama huyo hakuhitaji klabu imlipie kodi ya nyumba. Tunapotaja majina ya kikosi kile, Mahmoud Abbas langoni, Josephat Murila nyuma, Wilberforce Mulamba na Mickey Weche mbele, tunahesabu mabao na kusahau kuuliza swali la mhasibu: je, kikosi hiki kiligharimu kiasi gani, na ni nani aliyelipa?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya gharama ya ubingwa ule ililipwa na watu ambao hawakuandikwa popote kuwa walipaji. Leopards walikuwa na mshahara usioonekana. Mashirika ya umma, kampuni, benki na halmashauri zilibeba mzigo bila kujua kuwa zimeubeba, na klabu ikaota mazoea ya kuishi bila daftari. Kwa nini uweke hesabu za mishahara usiyoilipa? Kwa nini ujenge ofisi, ununue kiwanja, uandikishe wanachama kwa namba, ikiwa kila Jumapili uwanja unajaa na Jumatatu wachezaji wanakwenda kazini kwao? Ushindi uliwaficha wenyewe udhaifu wao, kama mtu mwenye afya asiyejua kuwa nyumba yake haina paa kwa sababu mvua haijanyesha.

Mwaka 1980 kulitokea jambo ambalo lingeweza kubadili mambo. Serikali ya Rais Moi iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe, na katika vuguvugu hilo klabu zenye majina ya kikabila zikatakiwa kuyabadili. Luo Union, waliokuwa mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, wakaitwa Re-Union, na jina lao kubwa likafifia pamoja nao. Abaluhya wakawa AFC Leopards. Herufi zile tatu, kama zinavyoelezwa siku zote, ni Ushirika wa Wanakandanda Wote. Ushirika! Naomba msikilizaji aliweke neno hilo mfukoni, tutalihitaji baadaye.

Jina lilibadilika, mambo hayakubadilika. Na kwa muda haikuonekana kuwa kuna haja, kwa sababu chini ya jina jipya Leopards walichukua ubingwa 1980, 1981 na 1982. Nani atamwambia bingwa wa mara tatu kwamba nyumba yake haina paa?

Mvua ilianza kunyesha katika miaka ya 1990, na ilinyesha pande mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa kwanza ulikuwa wa uchumi. Serikali, ikisukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilianza kupunguza wafanyakazi. Mitumba ikaingia, viwanda vya nguo vikaanza kufunga milango, na pamoja navyo zikafa timu zao; wa Kisumu wanaikumbuka Kicomi. Shirika la Posta na Simu, lililokuwa kimbilio la wanamichezo wa kila aina, likagawanywa vipandevipande mwaka 1999. Kila karani mkuu aliyepewa barua ya kuachishwa kazi alikuwa ni mlango mmoja uliofungwa mbele ya kijana mwenye mguu. Na yule mzee aliyekuwa akilipa kiingilio kila juma, yeye pia alipunguzwa, akarudi Butere na kisanduku chake. Mwanawe aliyebaki Nairobi alianza kuona mpira wa Uingereza kwenye televisheni ya baa kwa bei ya soda moja.

Upande wa pili haukuzungumzwa sana, nao ndio uliouma zaidi. Waajiri walizinduka. Waliona kwamba wao ndio waliokuwa wakiwalisha wachezaji, na jina linakwenda kwa mwingine. Kampuni ya bia ilikuwa imelijua hilo zamani, na timu yake ilikuwa bingwa mwaka 1972, 1977 na 1978. Sasa wengine wakafuata. Tazama orodha ya mabingwa inavyosomeka kuanzia katikati ya miaka ya 1990: Breweries 1994 na 1996. Chuo cha Utalii 1997. Tusker, yaani Breweries hao hao kwa jina la chupa, 1999 na 2000. Oserian, shamba la maua la Naivasha, 2001 na 2002. Ulinzi, jeshi letu, 2003, 2004 na 2005. SoNy, wenye sukari, 2006. Tusker tena 2007. Ni orodha ya waajiri! Kijana mwenye kipaji alikuwa na chaguo moja jepesi sana: aende kwa klabu yenye nyimbo, ngoma na bahasha isiyo na uhakika, au aende jeshini akapate mshahara wa kila mwezi, nyumba, na pensheni uzeeni. Tusimlaumu. Hata mama yake alimwambia aende jeshini.

Na katikati ya mkondo huo Leopards waliweza kuwaka mara mbili za mwisho, kombe la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1997 na ubingwa wa 1998. Wengi walidhani ni kurudi. Nikitazama nyuma naona ulikuwa mshumaa unaoruka kabla ya kuzimika. Kuanzia 1999 hadi 2012, misimu kumi na minne, si Leopards wala Gor aliyeshika taji la ligi.

Sitakaa sana juu ya vurugu za chama cha mpira katika miaka ile, ligi kugawanyika, kesi mahakamani, FIFA kuifungia Kenya mwaka 2004 na tena 2006. Ziliwaumiza wote, na zilimwumiza zaidi asiye na akiba. Timu ya jeshi haikosi ugali kwa sababu chama kimegombana. Klabu inayoishi kwa mapato ya mlangoni, mechi zikiahirishwa mwezi mmoja, inalala njaa. Katikati ya mwongo huo Leopards wakashuka daraja. Abaluhya ya Kadenge, timu ya mataji kumi na mawili ya ligi, ikawa inacheza kwenye viwanja visivyo na nyasi dhidi ya timu ambazo hata magazeti hayakujua jinsi ya kuandika majina yao. Walirudi Ligi Kuu mwaka 2009, na mwaka huo huo wakatwaa kombe la chama. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba hawakuwa na nguvu za kuinuka. Walikuwa nazo. Walichokosa ni mahali pa kusimama baada ya kuinuka.

Baada ya hapo ikaja enzi ya wadhamini. Kwanza Mumias, kampuni ya sukari ya nyumbani kabisa, jina lake likawa kifuani mwa wachezaji. Watu wakafurahi, maana ilikuwa kama mjomba tajiri amekumbuka ukoo. Lakini mjomba naye alikuwa anaugua. Baadaye ikaja kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyowadhamini Leopards na Gor pamoja. Tazama jinsi mwaka 2019 ulivyokuwa na ukatili. Julai, Kadenge akafariki. Agosti, SportPesa, ikiwa kwenye mvutano na serikali juu ya leseni na kodi, ikaondoa udhamini wake wote. Septemba, Mumias ikawekwa chini ya mrasimu. Miezi mitatu mfululizo. Klabu ilibaki na wachezaji wenye mikataba halali iliyotiwa sahihi na haina senti ya kuwalipa. Mwaka uliofuata ikaja kampuni nyingine ya kamari, Betsafe, nayo haikudumu.

Mdhamini, ndugu msikilizaji, ni mwajiri yule yule wa zamani aliyerudi kwa sura nyingine. Ni mtu wa nje anayelipa mishahara kwa sababu zake mwenyewe, na siku sababu zake zikiisha anaondoka bila kuaga. Leopards wameishi kwa mfuko wa mtu mwingine tangu 1964. Kilichobadilika ni kwamba zamani waliotoa walikuwa mia moja, kila mmoja akitoa kidogo na bila kujionyesha, na mmoja akifukuzwa kazi tisini na tisa walibaki. Leo anayetoa ni mmoja.

Turudi kwa yule ndugu wa kwanza kibandani, anayesema ni kocha. Kuanzia mwaka 2012 kwa miaka kama kumi na moja hivi, walipita Ingwe Jan Koops, Luc Eymael, Pieter de Jongh, Zdravko Logarušić, Ivan Minnaert, Stewart Hall, Robert Matano, Dennis Kitambi, Rodolfo Zapata, Nikola Kavazović, Marko Vasiljević, Cassa Mbungo, Tomas Trucha na Patrick Aussems. Na hapo sijamaliza, kuna wengine walioshikilia kwa muda. Mholanzi, Mbelgiji, Mkroatia, Mwingereza, Mkenya, Mtanzania, Muargentina, Mserbia, Mrwanda, Mcheki: Umoja wa Mataifa mdogo. Je, wote hao hawajui mpira? Mchukue Aussems peke yake. Mbelgiji huyu, kabla ya kuja Nairobi, alikuwa Dar es Salaam na Simba, na katika msimu wa 2018/19 aliifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Akaja Leopards mwaka 2021, akakaa mpaka 2023, na ubingwa haukuja. Mtu ni yule yule na akili zake ni zile zile. Tofauti ni kwamba Msimbazi kulikuwa na mfanyabiashara Mohammed Dewji akiweka fedha, na mchezaji akiamka tarehe thelathini alijua kinachomngojea. Nairobi, FIFA iliwahi kuifungia klabu isisajili wachezaji mpaka iwalipe waliokuwa watumishi wake.

Mabao machache mazuri yalipatikana katika kipindi hicho, tusiwanyime. Kombe la mwaka 2013 lilichukuliwa kwa kumfunga Gor mwenyewe, utamu ambao hauhitaji maelezo kwa anayejua debi ya Mashemeji. La mwaka 2017 likachukuliwa mbele ya Kariobangi Sharks, klabu ikapata tiketi ya Afrika, na mwaka uliofuata ikatolewa mapema na Fosa Juniors ya Madagaska. Kombe ni mechi tano sita. Kwa mechi tano sita, moyo unatosha. Ligi ni miezi tisa, na moyo haununui dawa ya misuli mwezi wa Machi.

Hapa shabiki wa Gor atasimama aniulize: na sisi je? Sisi si tulikuwa na vyama vile vile, waajiri wale wale, wadhamini wale wale? Mbona tulirudi? Ni swali halali na sitalikwepa. Gor walikaa bila taji la ligi tangu 1995, wakalipata 2013, na tangu hapo wamelichukua tena na tena mpaka hesabu yao ikafika ishirini na moja mwaka 2024. Naona mambo mawili. La kwanza, walikuwa na uongozi mmoja kwa muda mrefu. Wakili Ambrose Rachier alikaa kwenye kiti kwa zaidi ya mwongo mmoja, na hata asiyempenda atakubali kwamba mambo hayakuanzwa upya kila baada ya miaka miwili. La pili, ushindi wa kwanza ulileta michuano ya Afrika, michuano ikaleta wanunuzi. Michael Olunga akaenda Sweden mwaka 2016. Meddie Kagere akaenda Simba 2018. Mlango wa kuuza ukifunguka, kijana mwenye mguu anakuja mwenyewe bila kuitwa.

Lakini shabiki wa Gor asivimbe kichwa. SportPesa walipoondoka 2019, wachezaji wa Gor nao walikaa bila mishahara, mabingwa wa nchi wakigomea mazoezi. Paa lao linavuja kama la shemeji yao. Wao wameweka ndoo.

Basi dawa ni nini? Wapo wanaosema tumpate tajiri mmoja ainunue klabu. Sofapaka walifanya hivyo tangu mwanzo, timu ya mfanyabiashara Elly Kalekwa, na mwaka 2009 walichukua ubingwa katika msimu wao wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu. Walishangaza nchi. Hawajawahi kuuchukua tena. Mfuko wa mtu mmoja una kina chake. Mathare United, bingwa wa 2008, walitokana na chama cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa 1987, na hao ndio waliokuwa na mizizi. Nao mizizi haikuwazuia kutaabika baadaye. Kwa hiyo sitadai kuna njia rahisi.

Ninachodai ni kimoja. Tulitoe mfukoni sasa lile neno la mwaka 1980. Ushirika. Hakuna nchi katika sehemu hii ya Afrika inayoujua ushirika kuliko Kenya. Mkulima wa kahawa ana namba yake kiwandani. Mwalimu ana Sacco yake. Askari ana Sacco yake. Watu hawa hawasubiri tajiri. Wanakatwa mia tano, wanakatwa elfu, mwisho wa mwaka wanakwenda mkutanoni na karatasi ya hesabu mkononi na wanamtoa jasho mweka hazina. Wapo wanaoibiwa, ndiyo, tumezisikia kesi. Lakini anayeibiwa anajua ameibiwa kiasi gani, na hilo ni jambo kubwa. Leopards wamelibeba neno la ushirika katika jina lao tangu 1980, na hapana hisa. Wanaoimba uwanjani ni maelfu. Wanaoonekana siku ya kupiga kura ni sehemu ndogo tu yao. Na kwa kuwa hakuna mwenye hisa, hakuna mwenye haki ya kuuliza, na pale pasipo na wa kuuliza hata mwaminifu huanza kula bila kujijua. Ndiyo maana nasema ulaji ni dalili. Mlete malaika aongoze klabu isiyo na daftari la wenyewe, baada ya misimu miwili atakuwa na gari jipya.

Watakuwako watakaouliza, ushirika wa nani? Wa Waluhya peke yao, turudi kule tulikotoka? Hofu hiyo naielewa. Jibu langu ni kwamba jina la kabila liliondolewa kwa amri, lakini mlango mwingine haukufunguliwa badala yake. Mkamba wa Makongeni anayeipenda Ingwe tangu utotoni, na wapo, hajawahi kupewa mahali pa kutia sahihi. Mluhya naye hajapewa.

Nilisema nitamrudia yule kijana aliyezaliwa mwaka 1998. Siku ya debi utamwona. Matatu hushuka kutoka Kangemi na Kawangware zimefungwa vitambaa vya buluu na vyeupe, isukuti ikilia ndani mpaka vioo vinatetemeka, na pengine yeye ndiye dereva. Ubavuni mwa gari lake pameandikwa jina la Sacco, kama sheria inavyotaka. Humo ana namba ya uanachama, ana kitabu, anajua akiba yake ni shilingi ngapi na mkutano wa mwaka ni tarehe gani. Muulize namba yake ya Ingwe ni ipi. Atakuonyesha jezi.